Mia Toa Saba

Binti wa kaka yangu anasomea kutembea. Ndivyo nilivyozoea kuwaambia watu, na kila niliyemwambia aliuliza swali lilelile: kwani hajui? Mwanzoni nilijitahidi kueleza. Nilisema anachunguza jinsi ubongo unavyoiamuru miguu, na jinsi miguu inavyotii au kukaidi, na kwa nini mzee akianguka mara moja nyumba nzima inalia, ilhali mtoto wa mwaka mmoja huanguka mara hamsini kwa siku na watu wanampigia makofi. Walinisikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa, kisha wakauliza kama ameshaolewa. Ameolewa. Mume wake ni mpimaji ardhi, na hutembea vizuri.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na minne na sikuomba kuhamishiwa darasa jingine, kwa sababu mtoto wa darasa la nne ameshajua kusoma na bado hajajua kudanganya vizuri. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu, na kwamba aibu iliyomo humu sehemu yake kubwa ni yangu.

Binti huyu tangu mdogo alikuwa na jicho la mwendo. Akiwa na miaka sita aliweza kumwiga kila mtu wa mtaani: mwenye duka aliyetanguliza tumbo, muuza maziwa na ndoo zake mbili, na mimi mwenyewe nikienda shuleni, jambo ambalo sikulifurahia. Siku moja alimwiga mgeni wa baba yake anavyochechemea, mbele ya mgeni mwenyewe. Nikamfinya sikio. Alilia kidogo, akafuta machozi, akaniuliza, "Shangazi, kwa nini anaanza na mguu unaouma?" Mgeni alishtuka. Aliinuka kwenye kiti, akajaribu hatua tatu pale sebuleni, akasema, "Lo! Kumbe kweli, naanza na unaouma." Alikunywa chai yake akiwa na mawazo mengi, akaaga mapema.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Alitaka binti yake awe daktari wa sindano na dawa, wa kuvaa koti jeupe ambalo angelishona yeye. Binti akaenda chuo, akafaulu, akapelekwa ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu, na huko alikaa miaka minne akichunguza hatua moja tu: ile ya kwanza mtu anayopiga akitoka kusimama. Kaka alipoelezwa aliitoa miwani. "Miaka minne hatua moja!" alisema. "Akirudi nyumbani kwa mwendo huo atatukuta tumeshazikwa."

Alirudi tukiwa wazima. Mtaa mzima ulishasikia kwamba daktari anakuja, kwa hiyo asubuhi ya kwanza alikuta barazani watoto wawili wenye homa, bibi mwenye jino, na mtu mmoja aliyefunga jogoo wake kwenye kitambaa. Akawaambia kwa upole, "Samahanini, mimi si daktari wa aina hiyo." Tangu siku ile jina likamganda. Hadi leo ukifika mtaani kwetu ukimwulizia kwa jina lake halisi utazunguka, lakini ukimwulizia Daktari Si-wa-Aina-Hiyo utaletwa hadi mlangoni.

Chuo kikuu kilimpa chumba mwisho wa korido, ghorofa ya chini, kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Viti navyo vilibaki, kwa sababu hakuna ofisi iliyokubali kutia sahihi ya kuvitoa. Mwaka wa kwanza alifanya utafiti wa kutembea katika chumba ambacho mtu hawezi kutembea. Alifundisha wanafunzi mia tatu habari za ubongo kwa kutumia ubongo mmoja wa plastiki wenye vipande vya kufungua na kufunga, na kipande kilichokuwa kimepotea ndicho kile kinachoshughulika na mizani ya mwili. Alikichonga kingine kwa sabuni. Kilidumu mihula miwili, hadi msafishaji alipokitumia.

Baada ya barua za miaka sita alipata mkeka wake. Usifikirie mkeka wa kulalia. Huu ni wa mpira, urefu wake mita kumi, na ndani yake umejaa vihisio. Ukiukanyaga, kompyuta inajua ulikanyaga wapi, kwa uzito gani na ukakawia muda gani, kama mke mwenye wivu. Uliletwa pamoja na mtaalamu wa maabara, mwanamume wa makamo ambaye wote tulimwita Fundi, anayeamini mashine kuliko binadamu na asiyeficha jambo hilo.

Sasa jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Mtu anatembea kwenye mkeka kimya, tena mara tatu. Halafu anatembea tena, na safari hii akifika katikati anaulizwa hesabu: mia toa saba, inayobaki toa saba, hivyo hivyo mpaka afike mwisho. Mkeka unasema mwendo umebadilikaje. Kwa njia hiyo, Daktari alinieleza, unajua ubongo unagawaje nguvu zake kati ya kuwaza na kutembea, na siku moja utaweza kumtambua mzee atakayeanguka kabla hajaanguka. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake kwa mara ya kwanza. Mama yetu alianguka bafuni. Sikuuliza zaidi.

Aliyekuwa akiuliza maswali alikuwa mwanafunzi mmoja mwenye haya, sauti yake haivuki meno. Washiriki walisikika wakimwambia "unasemaje?" na jaribio likaharibika. Ndipo kaka yangu alipotoa wazo. "Mchukue shangazi yako," alisema. "Amestaafu, na kabati za nyumbani ameshazipanga upya mara nne. Akisema neno, hata jirani anajibu."

Nikaenda. Niliwekewa kiti kando ya mkeka, katikati kabisa. Nilivaa gauni langu lililopigwa pasi, miwani ikining'inia shingoni, daftari mapajani. Sikuagizwa kuvaa hivyo. Mimi huvaa hivyo. Mshiriki wa kwanza alikuwa mpishi wa mkahawa wa chuo, jitu la miraba minne. Alitembea kimya mara tatu bila tatizo. Safari ya nne, alipofika usawa wangu, nikauliza, "Mia toa saba?"

Akasimama. Hakupunguza mwendo, alisimama kabisa, akanigeukia, akajifuta viganja kwenye suruali. "Tisini na tatu," alisema.

"Tisini na tatu toa saba?"

"Themanini na sita."

Tulishuka hivyo mpaka mbili, yeye akiwa amesimama wima. Nilipomaliza ndipo alipoendelea na safari yake. Fundi alikuwa ameshapiga magoti akikagua nyaya. Lakini Daktari, nyuma ya kompyuta yake, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na macho yanacheka.

"Shangazi," aliniambia baadaye, "watafiti wa kwingine wanaandika kwamba mtu akiulizwa hesabu anapunguza mwendo kidogo. Wetu amesimama kabisa!"

"Ni vibaya?"

"Ni ajabu! Ngoja tuone wengine."

Wengine nao wakasimama. Akasimama karani, akasimama msusi, wakasimama wanafunzi wa sheria, ambao kwa kawaida hawanyamazi wala hawatulii. Wapo waliovua kofia. Mmoja aliweka mikono nyuma. Kwa miaka mitatu tulipima watu mia moja hamsini na wawili, na mia moja thelathini na mmoja walisimama kama mpishi. Daktari akaandika makala kwenye jarida kubwa la ng'ambo kwamba watu wa kwetu ubongo wao unayapa maneno nafasi ya kwanza, hata kuliko miguu. "Ubongo ni kama mpishi mwenye masufuria mawili," alinieleza. "Akikoroga hili, lile analiepua kabisa."

Gazeti la hapa likaandika kwa herufi kubwa: UBONGO WETU HAUWEZI MAMBO MAWILI. Redioni watu waligombana wiki nzima. Kaka yangu alikata ule ukurasa akaubandika juu ya cherehani, na kila wifi yangu alipomtuma kitu naye anashona, aliunyoshea kidole. "Sayansi imekataa," alisema.

"Mbona unaweza kula huku unalalamika?" wifi alimjibu.

Sisi tulicheka, lakini kwa Daktari mambo yalikuwa mazito. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mara mbili alishaomba uprofesa, na mara mbili Kamati ya Vyeo ilimrudishia faili kwa maneno yaleyale: hana mchango wa pekee. Vijana aliowafundisha walishampita, wengine wakamwita "dada yetu" kwa sauti ile ya kumwonea mtu huruma. Na anayekataliwa mara ya tatu haruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka mitatu. Sasa mchango wa pekee ulikuwapo, umechapishwa, na kikao kilipangwa. Alikuwa hasemi, lakini nilimwona siku moja akiandika neno "Profesa" pembeni ya karatasi, kisha akalifuta haraka kama mtoto aliyechora dawati.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Siku hiyo nilimaliza kumwuliza mwanafunzi wa uuguzi, binti mchangamfu, akaketi kwenye benchi kufunga viatu. Nami nikaketi karibu naye kupumzisha mgongo. Nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, "Mwanangu, pale katikati mbona ulisimama? Miguu inaumwa?"

Akacheka kwa kujiziba mdomo. "Sasa Mama, mtu mkubwa ananiuliza swali, nami nimjibu huku naondoka? Nimpe mgongo? Nyumbani wakisikia wataniuliza nimelelewa wapi."

"Kwa hiyo ungeweza kujibu huku unatembea?"

"Hata nikikimbia, Mama. Mbona hesabu zenyewe ni rahisi?"

Alifunga kamba za viatu, akaniaga, akaenda. Mimi niliendelea kukaa pale kwenye benchi.

Nilijiambia mtu mmoja si watu. Lakini mwalimu hawezi kukaa na shaka bila kufungua daftari. Nikafungua kabati la fomu, maana kila mshiriki aliandika mwaka wake wa kuzaliwa, nikawatafuta wale ishirini na mmoja ambao hawakusimama. Kumi na tisa walikuwa wamenizidi umri. Wa ishirini alikuwa na sikio bovu, imeandikwa. Wa ishirini na moja nilimfundisha mimi mwenyewe darasa la nne, na hata wakati ule hakuwahi kunisikiliza.

Basi. Haukuwa ubongo, haikuwa mishipa ya fahamu. Nilikuwa mimi. Watu mia moja thelathini na mmoja walikuwa wamemwamkia mama mmoja mwenye miwani, na binti wa kaka yangu akakipima kile kicho kwa mashine, akakiandikia makala.

Nilikaa na neno hilo siku tatu. Niliugua ugonjwa wa uongo, nikajifunika blanketi mchana kweupe. Kwa miaka thelathini na minne niliwaadhibu watoto walionakili majibu, na sasa nilikuwa najiuliza kama haiwezekani kumezea tu, mpaka kikao kipite. Nani angejua? Yule binti wa uuguzi hakujua alichokisema. Fundi hajali watu. Nilijitetea kwa kila hoja niliyowahi kuisikia kutoka kwa mtoto aliyekamatwa, na zote nilizikuta ni dhaifu kama nilivyokuwa nikiwaambia.

Siku ya nne nikaenda nyumbani kwa kaka. Daktari alikuwa katikati ya chumba, anapimishwa koti jipya la kikao, la rangi ya kijivu, limejaa pini. Kaka alikuwa na pini nyingine mdomoni. Wifi alikuwa anatazama na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Mama," nikamwambia Daktari, "wale watu hawasimami kwa sababu ya ubongo. Wanasimama kwa sababu yangu."

Nikaeleza yote, tangu benchi hadi fomu. Hakunikatiza. Kaka alitaka kusema lakini pini zilimzuia, akabaki ananguruma puani. Nilipomaliza, Daktari alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

"Kumi na tisa walikuzidi umri?" aliuliza taratibu.

"Kumi na tisa."

"Na niliandika mimi mwenyewe," alisema, "kwamba umri mkubwa hauathiri. Niliona wazee hawasimami, nikaita ni kasoro ya takwimu." Akaanza kuelekea mlangoni, na pini zikamchoma pande zote mbili, akapiga ukelele. Tulimvua koti kama watu wanaomwokoa mtu kwenye miiba. Alivaa kandambili za baba yake, akaenda maabara hivyo hivyo.

Kwa siku tatu tulirudia kazi. Kwanza aliniweka nyuma ya pazia. Nilipouliza, washiriki walisimama na kuligeukia pazia, na mmoja aliliinamia kidogo. Kisha akanitoa nje kabisa, Fundi akauliza kwa ile sauti yake ya kusoma namba za mita. Watu ishirini wakapita mbele yake wakijibu bila kumtazama, mwendo umepungua kidogo tu kama wa watu wote duniani. Wawili walisimama, mmoja kamba ya kiatu ilifunguka, na wa pili ni mdeni wa Fundi. Fundi alivua vipokea sauti masikioni. "Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima," alisema, na alionekana kuridhika.

Mkuu wa Idara alikuja kutuona. Ni mtu laini, ukimshika anateleza. Alifunga mlango kwanza. "Daktari," alisema, "hakuna anayesema tufiche. Lakini ukweli hauozi. Tutausema mwezi ujao, baada ya kikao."

"Mkuu," Daktari alimjibu, "nikipewa cheo kwa sababu watu walimheshimu Shangazi, basi hicho cheo ni chake."

"Mwalimu," Mkuu alinigeukia, akitumaini msaada.

Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilitaka kumsaidia. Nilimtaka binti yangu aupate uprofesa kwa njia yoyote. Lakini mdomo wa mwalimu una mazoea yake. "Aliyekosea husahihisha siku hiyohiyo, Mkuu," nilisema. "Kesho kosa linakuwa tabia."

Jioni ile Daktari alituma barua kwenye jarida, akaomba makala yake iondolewe.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mdogo wenye meza ndefu na jagi la maji. Walikuwa watano: Mwenyekiti, Msajili wa chuo, wajumbe wawili waliokuwa wakipitisha karatasi, na profesa mmoja mgeni kutoka chuo kingine, mama wa makamo mwenye macho ya kuchunguza. Daktari alieleza kosa lake kabla hajaulizwa. Wakaomba nami niingie. Nikaingia na daftari langu.

"Mwalimu," profesa mgeni aliniambia, "nisaidie nielewe. Ulikuwa unawauliza vipi? Tuonyeshe."

Wakati huo Msajili, mwanamume mwenye mvi lakini mdogo kwangu kwa miaka mingi, alikuwa ameinuka na jagi anakwenda kulijaza maji. Mimi sikumtazama. Niliuweka sawa mgongo, nikasema jinsi nilivyokuwa nasema, "Mia toa saba?"

Msajili akasimama katikati ya ukumbi, akanigeukia, jagi kifuani. "Tisini na tatu, Mwalimu."

"Vizuri. Tisini na tatu toa saba?"

"Themanini na..."

"Msajili," Mwenyekiti alisema, "kaa chini."

Profesa mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Wajumbe wawili wakaangalia karatasi zao, mabega yanawatikisika. Msajili alilitazama jagi kana kwamba ndilo lililojibu. Hata Daktari alitabasamu, na kwa dakika moja nilidhani tumeshinda.

Kisha profesa mgeni akafuta macho, akauliza kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Miaka mitatu, Daktari. Ilikupitaje?"

Daktari alimtazama usoni. "Niliwapima miguu watu mia moja hamsini na wawili," alisema. "Nilijua kila mmoja alikanyaga wapi na kwa uzito gani. Sikumwuliza hata mmoja kwa nini amesimama. Shangazi alimwuliza mmoja, akajibiwa."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akatushukuru.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Nilikuwa maabara nikipanga fomu, maana kwenye kiti changu cha kando ya mkeka nilikuwa nimeshaondolewa kwa heshima zote. Daktari aliifungua amesimama, mkoba begani. Ilikuwa na sentensi tatu. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Sijapata, Shangazi."

Nimewapa watoto wa watu matokeo mabaya nusu ya maisha yangu, na kila mara nilikuwa na neno la kusema. Siku hiyo niliziweka fomu mezani tu. Nilimwona tena yule mtoto wa miaka sita niliyemfinya sikio, na nilijisikia vibaya sana. "Nimekuangusha, mama," nilisema.

"Hujaniangusha." Akatoa karatasi nyingine mkobani. "Hii nayo imekuja leo."

Ilikuwa nakala ya masahihisho yatakayochapishwa kwenye lile jarida badala ya makala iliyoondolewa. Kichwa chake kilikuwa kirefu kama treni, na chini yake yalikuwapo majina mawili. La kwanza lilikuwa langu.

"Wamekosea," nikasema. "Wamenitanguliza."

"Hawajakosea. Aliyegundua ndiye hutangulia. Ndiyo kawaida yetu."

Nililisoma jina langu mara nne. Halikuwahi kuchapishwa popote isipokuwa kwenye orodha ya walimu wanaostaafu. Nikalia, kwa fahari na kwa uchungu, na sikuweza kuvitenganisha. Daktari naye macho yalimjaa, lakini saa ilikuwa imegonga, wanafunzi mia tatu wanamngoja ghorofa ya juu, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitasa.

"Nenda darasani," nikamwambia. "Usiingie na uso huo, nawa kwanza. Ukitoka upite kwa baba yako umwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Na koti umwambie asilifumue, miaka mitatu si mingi. Na ule kitu, umekonda."

Alikuwa amechelewa, na hakuna mtu duniani anayejua kuliko yeye kwamba mtu anaweza kusikiliza huku anakwenda. Aliachia kitasa, akanigeukia, akasimama wima mpaka mwisho.

"Nimemaliza," nikasema. Ndipo akaenda.